Robo ya Nini

Mwanangu alipofikisha miezi miwili maziwa yangu yakawa hayamtoshi, na nesi wa kliniki akanishauri nimwongezee ya kopo. Jioni hiyo, nyumbani kwetu Kijenge, nilifungua kopo, nikachota unga kwa kile kijiko chake cha plastiki, nikaumimina kwenye maji ya uvuguvugu. Harufu ikapanda. Ni harufu ya utamu wenye kitu kama bati lililopashwa moto, na kabla sijaitikisa chupa nilikuwa nimeshakasirika. Wengine harufu huwarudisha nyumbani kwa upole. Mimi nilikibwaga kile kijiko, unga ukamwagika mezani. Mume wangu akauliza kama nimeungua. Nikamwambia ni harufu tu. Akanusa, akasema mbona inanukia vizuri.

Harufu ile niliijua nikiwa darasa la tano, nyumbani kwa Koko. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, maana kwetu sisi Waarusha bibi ni koko. Tuliishi naye upande wa magharibi wa Mlima Meru, mahali ambapo asubuhi mlima unauona wote na ikifika saa nne umeshajifunika. Baba alikuwa dereva wa lori, anakaa safarini wiki nzima na zaidi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Koko, na Mama alikuwa mkwe ndani ya nyumba hiyo. Mama ni Mchaga wa Machame. Alikuwa ameishi pale tangu kabla sijazaliwa, ameshajua Kimaasai cha kutosha kuagiza chumvi na kusalimia wazee, lakini Koko akikasirika bado alisema "nyie watu wa Kilimanjaro" kana kwamba Mama ameshuka kwenye gari asubuhi hiyo.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Alizaa jioni bila shida, ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Asubuhi ng'ombe akashindwa kusimama. Mama akatuma mtu akamwite mtaalamu wa mifugo, na mtaalamu alipofika na pikipiki yake mchana, ng'ombe alikuwa ameshakufa, nzi wameshamjua. Nililia kwenye simu Baba alipopiga, naye, labda kunibembeleza tu, akaniambia, "Neema, nyamaza. Huyo ndama ni wako." Koko akampa jina la Namnyaki, yaani mwenye bahati.

Siku za kwanza jirani yetu, Mama Elia, alitusaidia maziwa, maana ng'ombe wake alikuwa amezaa pia. Lakini maziwa ya mtu si ya kuomba kila siku, na Koko hakupenda kuomba. Ndipo Baba Mdogo Lazaro akaja na gunia.

Baba Mdogo ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu ya kikundi cha wafugaji wa usharika. Mwaka ule kikundi kilikuwa kimepata mgeni, mama mmoja wa Kimarekani aliyekaa miezi michache akifundisha mambo ya mifugo, na Baba Mdogo akawa ndiye mtu wake wa kumtafsiria. Mgeni alipoondoka aliacha gunia la maziwa ya unga ya ndama. Baba Mdogo alipolishusha mlangoni alikuwa na sura ya mtu aliyeleta mahari.

"Shikamoo Mama," alimwambia Koko. "Kilio kimekwisha. Haya ni maziwa ya kisasa. Ndama wa Ulaya wote wanakunywa haya."

"Si ulisema ni ya Marekani?" Mama aliuliza.

"Shemeji, ni kulekule."

Gunia lilikuwa na picha ya ndama mweusi na mweupe, mnene, manyoya yanang'aa. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Baba Mdogo alikaa kwenye kigoda, akakunja miguu ya suruali, akayasoma kwa sauti, halafu akatueleza. Unachukua paundi moja ya unga, unakoroga kwenye galoni moja ya maji ya uvuguvugu. Hiyo ni ya siku moja. Kesho unakoroga mengine, usimpe yaliyolala. Ndama unampa kwoti mbili asubuhi na kwoti mbili jioni.

"Paundi ni karibu nusu kilo," alisema. "Galoni si mnalo hapo?"

Tulilitazama. Lilikuwa dumu la njano la mafuta ya kula, la lita tano, ambalo kila mtu nyumbani aliliita galoni. Mimi sikujua kwamba galoni ni kipimo. Nilijua ni hilo dumu, lenye kifuniko cha buluu kilichopasuka, na nikashangaa watu wa Marekani wamejuaje kama tunalo.

"Na kwoti?" Koko aliuliza.

Baba Mdogo alilitazama neno. Liliandikwa kwa Q, herufi ambayo mwalimu wetu alisema Kiswahili hakina haja nayo. Alilitamka mara moja hivi, mara nyingine vile.

"Kwoti ni kwota," alisema mwishowe. "Yaani robo."

Koko aliingia ndani akatoka na kikombe chake cha bati cha robo lita, kile alichopimia maziwa ya kuuza. "Hii?"

"Hiyohiyo. Viwili asubuhi, viwili jioni."

Na ndivyo ilivyokuwa. Robo mbili za lita asubuhi, robo mbili jioni. Koko alipima mwenyewe, huku ile harufu ya utamu na bati ikipanda, akikinyanyua kikombe usawa wa macho kuhakikisha hakijapungua wala kuzidi. Alikuwa mwaminifu kwa gunia lile kuliko hata Baba Mdogo. Alilifungia chumbani kwake.

Namnyaki alimaliza maziwa yake kabla sijahesabu hata pumzi tatu. Kisha alilamba ndoo. Alilamba mpaka ikasogea kwenye ukuta wa banda, akaendelea kuilamba pale ukutani. Ndoo ilipoondolewa alinyonya nguzo. Nilipoingia kumtandikia majani alininyonya sikio, akaninyonya mkono wa sweta ya shule mpaka ukarefuka. Halafu akaanza kulia. Sauti yake ya kwanza ilikuwa nene, ya kudai. Baada ya siku kadhaa ikawa nyembamba.

"Anamlilia mama yake," Koko alisema. "Atazoea."

Nilimwamini. Ngozi ya ng'ombe wetu ilikuwa imetandazwa juu ya ua ikikauka, na siku moja nilipotoka shule niliivuta ikaanguka, nikaiburuza mpaka bandani, nikaiweka mbele ya Namnyaki. Aliinusa. Alitafuta kwa mdomo wake mahali chuchu zingekuwa, akaitafuta ngozi yote, kona kwa kona, kisha akaanza kuinyonya ncha. Mama alinikuta hapo. Hakunigombeza. Aliikunja ile ngozi, akanitazama, akamtazama ndama, akasema kwa Kichaga kitu ambacho hakunitafsiria.

Mbwa wetu Bobi naye alianza kunenepa. Hili ndilo lililonitesa zaidi kwa sababu lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Kila siku tulikoroga galoni nzima, maana gunia lilisema galoni, na katika hiyo galoni Namnyaki alipata vikombe vyake vinne tu. Yaliyobaki, karibu dumu zima, hayakutakiwa kulala. Koko alisikitika kwa hasara hiyo, akasema Wazungu hawana uchungu na chakula, akayamimina kwenye sinia la mbwa. Bobi alikunywa mpaka tumbo likagusa chini. Siku moja nilichukua yale mabaki nikampelekea Namnyaki. Koko alinikuta nimeinama, akaninyang'anya ndoo, akanichapa kofi la mgongoni.

"Unataka ahare? Unataka afe?"

Kuhara ndicho kitu Koko alichokiogopa. Ndama akipewa maziwa mengi huhara, na ndama akihara wiki hiyo hiyo unamzika. Hilo ni kweli kabisa, hata leo mtaalamu yeyote atakwambia. Kwa hiyo kila mara nilipomuuliza kwa nini tusimwongezee hata kidogo, jibu lake lilikuwa hilohilo, la kweli.

Nikaanza kujieleza mwenyewe. Niliwaza kwamba ng'ombe wa Marekani labda ni wadogo, ukubwa wa mbuzi, na ndama wao ukubwa wa paka, ndiyo maana robo mbili zinawatosha. Lakini yule wa kwenye picha alikuwa mnene. Nikamchukia. Kila Koko alipofungua mlango wa chumba chake nilimwona pale kwenye gunia, ananitazama kwa jicho moja, ameshiba.

Nilimwendea mwalimu wa hisabati ofisini wakati wa mapumziko.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje, Neema?"

"Mwalimu, kwoti ni lita ngapi?"

Aliweka kikombe chake chini. "Hilo neno umelitoa wapi?"

"Kwenye gunia la maziwa ya ndama."

Aliwageukia walimu wenzake, wakacheka kidogo, si kwa ubaya. "Hivyo ni vipimo vya Mwingereza. Painti, kwoti, galoni. Walivisoma wazee wetu, nyie mmeepushwa. Sasa hivi ni lita na mililita basi."

"Lakini kwoti moja ni ngapi?"

"Haviji kwenye mtihani, Neema. Zoezi la mililita umemaliza?"

Nilikuwa nimemaliza. Nilisimama pale nikisubiri labda aongeze neno, mpaka akaniuliza kama nina shida nyingine.

Jumamosi Mama alinichukua tukaenda mjini. Kwa Koko alisema tunakwenda kununua sare, na sare tulinunua, lakini kwanza tulipitia duka la dawa za mifugo. Dada wa dukani alikuwa na koti jeupe. Mama akamuuliza galoni ni kiasi gani. Dada akaonyesha dumu la dawa ya kuogeshea. "Galoni ni hili, lita tano." Kwoti hakuwahi kuisikia. Tukavuka barabara, tukaingia duka la rangi, kwa sababu Mama aliona makopo yameandikwa galoni.

"Lita nne," alisema baba wa duka.

"Mwenzako pale amesema tano."

"Yule anauza dumu, mama. Mimi nauza galoni."

Mama akampigia kaka yake aliye Moshi. Nilimsikia mjomba akipiga kelele kwenye simu, akisema galoni ni lita nne na nusu, ile ya Mwingereza, na ya Mmarekani ni ndogo kuliko hiyo ila hakumbuki kwa kiasi gani, na kwani Mama anataka kununua nini. Mama alikata simu. Tulikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, mfuko wa sare magotini mwangu. Uso wake ulikuwa umechoka. Nilikuwa karibu kulia, kwa sababu tuliuliza watu watatu swali moja na sasa tulikuwa na galoni tatu.

Kisha Mama akanishika mkono.

"Hebu tuache galoni ni lita ngapi. Gunia linasema ukoroge galoni moja kwa siku. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Na usibakize. Halafu ndama apewe kwoti mbili asubuhi na mbili jioni. Mbili na mbili?"

"Nne."

"Na kama kwoti ni robo, robo nne ni nini?"

"Ni nzima."

"Nzima ya nini, Neema?"

Nilimtazama. Nakumbuka watu wanapita, mtu anauza soksi, jua linanipiga shingoni, na jibu likaja lenyewe kama vile lilikuwa limekaa pale ngazini likitungoja. "Ya galoni," nilisema. "Galoni yote ni yake."

Mama alicheka. Nilikuwa sijamwona anacheka tangu ng'ombe afe. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwona Namnyaki akinywa, na kuacha mwenyewe, na kuondoa mdomo kwenye ndoo kabla haijaisha.

Jioni Baba Mdogo alikuja kula. Mama alisubiri mpaka watu wamenawishwa mikono na chakula kimefika nusu. Akasema kwa sauti ndogo, ile aliyoitumia kwa Koko tu, "Mama, nilikuwa nauliza. Isije ikawa hiyo robo ni robo ya galoni."

Baba Mdogo aliacha kutafuna. "Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Nilikuwa nafikiri tu."

"Galoni lipi sasa, shemeji?"

Mama alikosea hapo. Alisema ukweli. Alisema mjini wengine wanasema ni lita tano, wengine nne, wengine nne na nusu.

"Unaona," Baba Mdogo alisema, akimgeukia Koko. "Kila mtu ana galoni lake. Sasa tumpe ndama robo ya la nani? Robo ni robo. Mimi ndiye niliyekaa na yule mgeni, miezi yote ile."

Koko alikuwa akihesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake. Alikuwa mzuri wa hesabu za maziwa. "Robo ya galoni ni zaidi ya lita," alisema. "Mara mbili, hiyo ni lita mbili na zaidi kwa mkupuo mmoja. Mama Neema, umemsahau yule wa kwanza?"

Nilikuwa nimewahi kusikia vipande vya habari hiyo. Mama alipokuwa bibi harusi mpya alimwonea huruma ndama mmoja wa nyumba ile, akamnywesha mpaka akashiba, na ndama akahara akafa. Haikusemwa mara nyingi. Haikuhitaji kusemwa.

Mama aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya vyombo ingawa watu walikuwa hawajamaliza.

"Mama, waambie ile hesabu," nilisema. "Mbili na mbili nne. Robo nne ni galoni nzima. Ndiyo maana yanabaki, ndiyo maana Bobi—"

"Neema," alisema Mama. "Kalete maji."

"Lakini wewe mwenyewe umesema—"

"Kalete maji."

Nilikwenda. Nilisimama jikoni na jagi mkononi nikimsikia Baba Mdogo akiniongelea kwamba watoto wa siku hizi wana mdomo. Niliporudi nilimwambia basi ampigie yule mgeni simu amuulize. Akatazama saa yake.

"Kwao saa hizi watu wanaamka, wana haraka. Nitampigia."

Kesho yake asubuhi nilimuuliza tena. Akasema kwao saa hizi ni usiku. Mchana akasema bado ni usiku. Jioni alikuwa amekwenda na pikapu. Kila nilipomfuata, huko Marekani palikuwa na jambo, wamelala au wako kanisani, na mimi nikaanza kufikiri kwamba ile nchi haina mchana hata kidogo. Baba alipopiga simu nilimweleza yote kwa haraka kabla dakika hazijaisha. Akasema, "Msikilizeni Koko. Koko ameanza kufuga kabla sisi hatujazaliwa."

Namnyaki aliacha kulia. Koko akasema, unaona, ameshazoea. Manyoya yake yalisimama kama ya mnyama aliyenyeshewa, mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni. Hakuninyonya tena sikio. Nilipoingia alinyanyua kichwa, akakirudisha. Sikujua maana yake, nilidhani amekua, amepata adabu.

Halafu asubuhi moja nilikwenda kumtazama kabla ya shule nikamkuta amelala kwa ubavu, miguu imenyooka. Nilimvuta akae. Akaanguka upande ule ule. Nilipiga kelele, na nilipoona hakuna anayekuja haraka vya kutosha nilikimbia mpaka kwa Baba Mdogo, nyumba ya pili kutoka kwetu, nikamkuta anapiga mswaki nje. Sikumsalimia. Nilimshika shati.

"Mpigie. Mpigie sasa hivi. Hata kama amelala mwamshe."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Alitema povu, akaingia kuchukua simu. Tulipofika bandani Koko na Mama walikuwa wamepiga magoti, mmoja kila upande wa ndama. Baba Mdogo akapiga, akaweka sauti ya nje. Ililia sana. Kisha ikaja sauti ya yule mama, changamfu, si ya mtu aliyeamshwa, akisema Kiswahili cha kujifunza kitabuni.

"Lazaro, habari za siku nyingi? Ndama wanaendeleaje?"

Baba Mdogo alisafisha koo. Akasema wanaendelea vizuri, ila kuna jambo dogo la kuuliza. Kwoti ni kiasi gani.

"Kwoti? Ni rahisi. Kwoti nne zinafanya galoni moja. Galoni yetu sisi ni pungufu kidogo ya lita nne. Kwa hiyo kwoti ni karibu lita moja." Kisha akauliza, "Kwani mmekuwa mkimpa kiasi gani?"

Nilimtazama Mama, Mama alimtazama ndama. Koko alikuwa na kile kikombe cha bati mkononi.

"Haloo?" ikasema simu. "Haloo? Lazaro?"

Baba Mdogo akakata. "Mtandao," alisema.

Koko ndiye aliyeinuka kwanza. Alikoroga maziwa mwenyewe, akaja nayo kwenye sufuria, akakaa chini kwenye samadi na nguo yake ya kanisani, maana ilikuwa Jumatano ya kina mama. Namnyaki hakutaka. Maziwa yalikuwa chini ya pua yake, mengi, moto, na hakutaka. Koko alichovya vidole viwili, akamtia mdomoni, akangoja. Akachovya tena. Mama alishika kichwa. Mimi nilisimama mlangoni na begi la shule mgongoni, na sikuona kama ni jambo la kupendeza wao wawili kukaa pamoja hivyo, kama Mama Elia alivyosema alipokuja kuchungulia. Nilitaka kuwapiga wote kwa lile begi.

Ilipofika saa nne hivi ndama akaanza kunyonya vidole. Mchana alihara, jioni akahara, na Koko akaendelea kuchovya vidole. Baada ya siku kadhaa akasimama.

Aliishi, lakini hakukua. Mtaalamu wa mifugo alisema mnyama akikosa maziwa wiki za mwanzo, hata umlishe nini baadaye, kuna kitu kimeshapita. Akawa ng'ombe mfupi, mwenye tumbo kubwa na kifua chembamba. Alizaa mara moja, kwa shida, akatoa maziwa kidogo, na Koko akamtoa kwa mtu wa Terrat. Hakuna aliyeniuliza, ingawa alikuwa wangu.

Na familia ikaifanya kichekesho. Ilianza taratibu, Baba Mdogo akijitania mwenyewe, kisha ikakomaa. Siku hizi ni hadithi ya kila sherehe, "Ndama wa Robo". Imesimuliwa kwenye kipaimara cha mdogo wangu na kwenye sherehe ya kuniaga nilipoolewa. Baba Mdogo huigiza kila mtu. Huigiza Koko akikinyanyua kikombe usawa wa macho, huigiza Bobi na tumbo lake, huigiza sauti ya mgeni, "Haloo? Haloo?", na watu hucheka mpaka wanashikana mabega. Koko mwenyewe, ambaye sasa ni mzee sana na haoni vizuri, hucheka kuliko wote. Mimi hutoka nje. Wamezoea, husema Neema hana utani.

Krismasi iliyopita nilitoka hivyo, nikasimama karibu na mahali banda lilipokuwa. Mama akanifuata, kanga mabegani, maana kulikuwa na baridi ya ukungu.

"Wewe bado," alisema.

"Tulikuwa na jibu, Mama. Pale ngazini tulikuwa na jibu, zaidi ya wiki kabla. Kwa nini hukumpa tu? Ulijua ufunguo wa chumba cha Koko unakaa wapi."

Alivuta kanga. Nilidhani atanijibu kama siku zote, kwamba yamepita.

"Ningempa angehara," alisema. "Si uliona alivyohara? Na kama angekufa, angekuwa amekufa mkononi mwangu, wa pili. Akifa kwa robo yao, kifo ni cha nyumba nzima. Mimi nilikuwa na miaka mingi bado ya kuishi humu."

"Kwa hiyo ukamwacha."

"Nilingoja aanguke," alisema Mama. "Nilijua akianguka watapiga simu."

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, yote ya hasira, na hakuna hata moja lililomhusu yeye peke yake. Ndani walipasuka kwa kicheko, Baba Mdogo alikuwa amefika kwenye simu. Kisha ikasikika sauti ya Koko, nyembamba siku hizi lakini bado ya mwenye nyumba.

"Mama Neema. Chai iko wapi?"

"Abee, Mama," Mama akaitika. Alinigusa mkono, akageuka, akaingia. Nikabaki nje nikisikia vikombe vinavyogongana, na sauti yake akiwakaribisha mmoja mmoja, akianza na Koko.